Pikapu kuukuu zinastahili heshima
Kijiji cha pamba kama Ngulyati, wilayani Bariadi, kinahitaji gari linalobeba mzigo na kutengenezeka hapo hapo. Wajapani walilijua hitaji hilo mapema. Pikapu ya kwanza ya Hilux ilitoka kiwanda cha Hino kilichoko Hamura, Japani, Machi 1968, ikiwa na injini ya lita 1.5 na uwezo wa kubeba tani moja. Datsun 620 ikafuata mwaka 1972. Ubora wa pikapu hizo ulikuwa katika wepesi wa kutengenezwa: fremu ngumu, springi za pati nyuma, kabureta ambayo fundi huifungua kwa spana chache. Wenye nazo Bariadi, msiziuze kama chuma chakavu. Vyuo vyetu vya ufundi vizitumie kufundishia, maana kijana akiielewa pikapu ya aina hiyo, ameuelewa msingi wa gari lolote la mzigo.