Nauli ya Sh. 32,000 Ilikuwa Ikilipwa na Nani?

Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, makao makuu yakawa Bariadi. Mwaka huo huo, tarehe 29 Novemba, ndege za Fastjet zilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, lakini mtumishi aliyehamishiwa Bariadi miaka ile aliyapokea kama neema zilizofuatana. Nauli ya chini kabisa, kabla ya kodi, ilitangazwa kuwa Sh. 32,000. Mwalimu aliyefiwa Pwani, ambaye zamani angepanda basi kupitia Maswa na Shinyanga akafika watu wamekwisha kuzika, sasa aliweza kushuka Lamadi, akashika njia ya Mwanza, na jioni akawa amekaa na wafiwa wenzake.

Jambo hilo tusilibeze. Wapo wenzetu ambao, tangu kampuni ile ianguke, huizungumza kana kwamba ilikuwa utapeli mtupu. Haikuwa hivyo. Ndege zilikuwa za kweli na ziliruka. Suala ambalo hatukujiuliza wakati ule, kwa sababu ya furaha, ni nani aliyekuwa akilipa sehemu ya nauli ambayo sisi hatukuilipa.

Aliyelipa alikuwa mwenye hisa wa London. Huko ndiko hisa za kampuni mama zilikokuwa zikiuzwa, na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet ya mwaka 1995, alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Hesabu yao ilikuwa ile ya Ulaya: jaza ndege, isikae chini, toza mizigo kando, muuzie kwa bei ndogo anayekata tiketi mapema. Ulaya hesabu hiyo husimama kwa sababu abiria ni wengi na miji imekaribiana. Na hata huko si wote waliofaulu. Freddie Laker wa Uingereza alianza safari zake rahisi za London na New York mwaka 1977, na Februari 1982 kampuni yake ikafilisika.

Hapa kwetu hesabu iligoma. Abiria alilipa kwa shilingi, ilhali ndege ilikodiwa kwa dola, na mwaka 2015 shilingi ikaporomoka. Airbus A319 ni ndege kubwa kwa njia ambayo haina wasafiri wa kuijaza kila siku. Mwanzoni mwa 2016 Haji-Ioannou mwenyewe alitaka hadharani mkuu wa kampuni aondolewe. Mwaka huo makao yakahamishwa kutoka Gatwick kwenda Johannesburg, na Airbus zikaanza kubadilishwa kwa Embraer zilizo ndogo zaidi. Mwishoni mwa 2018 waliokuwa wakitoa fedha London walichoka, wakawaachia hisa wawekezaji wa nchini wakiongozwa na Lawrence Masha, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Desemba, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatoa notisi ya kusudio la kufuta leseni, kwa sababu ya madeni na mengineyo. Kampuni haikurudi tena katika anga yetu.

Husemwa kwamba Serikali iliiua ili kuilinda ATCL. Ni kweli kwamba ATCL ilifufuliwa kwa ndege mpya kuanzia Septemba 2016, na ushindani ukawa mkali. Lakini hasara za Fastjet zilianza kabla ndege hizo hazijatua. Mkulima wa pamba wa Bariadi anaujua mchezo huu kuliko wasomi wengi: amepata kumwona mnunuzi anayepandisha bei msimu mmoja, na msimu unaofuata hayupo mizanini.

Basi sasa tumebaki na ndege zetu wenyewe, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa mujibu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ATCL ilipata hasara ya Sh. bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Maana yake ni kwamba abiria wa leo naye, hata anapolalamika kuwa nauli ni ghali, hailipi gharama yote ya kiti anachokikalia. Ila safari hii anayejaza pengo si tajiri wa London aliyeweza kuuza hisa zake akaenda zake. Ni mlipa kodi, akiwamo yule bibi wa Dutwa anayenunua sabuni na mafuta ya taa, na ambaye huenda hatapanda ndege maisha yake yote.

Mimi sisemi ndege ziuzwe. Nchi yenye ukubwa huu inazihitaji, na mgonjwa anayekimbizwa Muhimbili kutoka Kanda ya Ziwa hawezi kusubiri basi. Nasema Shirika litangaze, njia kwa njia, kiti kimoja cha Mwanza kinagharimu kiasi gani, abiria analipa kiasi gani, na kinachobaki kinatoka wapi. Kama Taifa limeamua kumsaidia msafiri, basi msaada uandikwe waziwazi katika bajeti na wabunge wetu waupigie kura, yule wa Bariadi akiwamo.