Motokari Inayolala mu Viraje



Mwezi huu tunazungumza juu ya ulizo ambalo vijana wanaopenda motokari wanauliza mara na mara: tufanye nini ili motokari isilale pembeni mu viraje? Wengi wanajibu mbio: «Tia resori nguvu, inaisha.» Jibu hilo ni fupi sana. Twende pole pole.

Sababu ya kulala ni hii. Shofere akigeuza, mapine yanashika barabara, lakini mwili wa motokari huko juu unataka kuendelea na njia yake ya kwanza. Basi uzito unakimbilia upande wa inje. Resori za upande ule zinafinywa, za upande mwingine zinafunguka. Mambo mawili yanazidisha hatari. La kwanza ni mbio: ukiingia viraje moja kwa kilometa 80 kwa saa pahali pa 40, nguvu inayosukuma inje haiwi mara 2, iko mara 4. La pili ni urefu wa mzigo. Mfuko wa makala juu ya porbagaje unalaza motokari kuliko mfuko ule ule ukiwa chini kati ya viti.

Kwa hiyo dawa zifuatane hivi:

1. Shusha mzigo. Kazi hii haiombi hata franga moja, na inasaidia kuliko vyuma vingi vya bei kali.

2. Tengeneza kilichokufa. Barabara zetu za mashimo zinamaliza silambloki, rotile na amortiseri. Fundi ainue motokari, atikise kila kitu kwa mkono, atazame kama amortiseri inatoa mafuta. Lakini fahamu kazi ya amortiseri: haibebi uzito, inatuliza resori tu. Amortiseri mpya inazuia motokari kuyumba-yumba. Lakini mu viraje ndefu, motokari itainama tu kadiri resori na bare zinavyoruhusu.

3. Angalia bare stabilizatrisi. Ni chuma kinachounganisha gurudumu la kuume na la kushoto. Motokari ikilala, chuma hicho kinasokotwa na kupinga. Magurudumu yote mawili yakipanda kilima kidogo pamoja, hakisokotwi, na abiria hawateseki. Kuongeza unene kidogo kunaleta nguvu nyingi: ukitoa bare ya milimeta 20 na kutia ya 22 ya chuma na umbo lile lile, ugumu unaongezeka karibu 46 kwa mia, ukitia ya 24, unakuwa mara 2. Lakini kila faida ina bei yake. Gurudumu moja likiingia shimo, bare nene inapeleka pigo upande wa pili. Ukiongeza mbele tu, motokari inakawia kugeuka. Ukiongeza nyuma tu, nyuma inaweza kuteleza, zaidi wakati wa mvua. Chagua ile iliyotengenezwa kwa aina ya motokari yako.

4. Resori zije mwisho. Resori fupi na ngumu zinapunguza kulala, lakini tumbo la motokari litagonga mawe. Kuzikata kwa msumeno ao kuzichoma moto ili zishuke, apana kabisa! Moto unaua nguvu ya chuma. Na wewe kijana unayeinua motokari kwa ajili ya njia za mine, jua kwamba umeinua uzito pia: itapinduka kwa urahisi zaidi kuliko mbele.

Hata viwanda vikubwa vilipata somo hili. Mu mwezi wa 10 mwaka 1997, gazeti moja la Uswidi lilijaribu Mercedes A-Class, motokari ndogo lakini ndefu kwenda juu. Walikata usukani ghafula, kama shofere anayekwepa mnyama barabarani. Ikapinduka. Kiwanda kilirudisha zile zilizouzwa, kikabadilisha mambo ya resori, tena kikatia ESP, chombo kinachofunga freni ya gurudumu moja chenyewe wakati motokari inaanza kuponyoka. Chuma peke yake hakikutosha.

Hapa ndipo neno kubwa la leo. Kulala kwa motokari ni mjumbe. Kunamwambia shofere: «Punguza.» Ukitia vyuma vigumu, umemfunga mjumbe kinywa, lakini uzito bado unakimbilia inje, na mapine yana mwisho wao. Kijana aliyezoea kuogopa akiwa na 60, sasa anapita na 80 bila kusikia kitu, mpaka siku mapine yanaachia. Siku ile hakuna onyo. Kwa hiyo tengeneza motokari ili itii vizuri ukipata mambo ya ghafula, si ili upate ruhusa ya kukimbia.

Na wewe mama unayepanda taxi-bus pamoja na watoto, usione haya. Ukiona mizigo imepandana juu ya paa, sema: «Papa shofere, tushushe kwanza.» Dakika 10 za kupanga mizigo haziumizi mtu.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
– Motokari tunayopanda inabeba nini juu ya paa?
– Fundi aliinua na kutazama chini yake lini?
– Shofere wetu akipunguza mbio, tunamshukuru ao tunamcheka?