Noeli Isiachiwe Mashirika

Noeli inakaribia, na Kalemie imeshaanza kujitayarisha. Mafundi cherehani wanashona mpaka usiku, na kila mzazi anapiga hesabu ya mchele, kuku na viatu vya watoto. Sioni kosa katika hayo. Mtoto anayevishwa nguo mpya siku aliyozaliwa Bwana anajifunza, kabla hajajua kusoma, kwamba siku hiyo ni kubwa. Ninalotaka kulisema leo ni jingine, nalo linatuhusu sisi tunaoitwa Wakristo wa mji huu: furaha ya wenye shida tumeiacha mikononi mwa mashirika.

Tabia hii haikuanza jana. Vita vya Batwa na Baluba vilianza mwaka 2013, vikawaka upya mwaka 2016, na watu wa Nyunzu na Manono wakakimbilia huku. Vibanda vya nyasi na turubai vikajaa Kalunga, Katanika na kwingineko pembeni ya mji. Kisha Ziwa Tanganyika nalo likapanda, mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, likawatoa watu majumbani mwao. Kila mara zilikuja gari nyeupe zenye bendera, zikagawa unga, turubai na sabuni. Watu wengi wamepona kwa kazi hiyo, na asiyeishukuru hana adabu. Lakini polepole tumejizoeza vibaya. Tukimwona mwenye njaa, tunauliza ni shirika gani linalomhudumia. Tukijibiwa kwamba liko, tunaendelea na safari yetu moyo ukiwa umetulia.

Shirika lina orodha na lina muda wa mradi. Siku mradi unapokwisha, gari linaondoka, na hatuwezi kulilaumu, maana ndiyo kazi lililotumwa. Halina namna ya kujua kwamba mama wa kibanda cha tatu alizika mtoto mwezi uliopita na tangu hapo hajaingia kanisani. Jirani anajua. Shirika linaweza kumpa mtu unga wa mwezi mzima, lakini haliwezi kumwambia, “Mama, usipike leo, njoo tule kwetu.” Maneno hayo yanataka mtu mwenye nyumba, mwenye jiko na mwenye watoto watakaosogea ili mgeni apate nafasi ya kukaa.

Mtu atanijibu: sisi wenyewe ni wa kusaidiwa. Mshahara unachelewa. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilicholisha wazazi wetu, kilifungwa zamani. Ni kweli yote, wala sitayabisha. Ila tumsome vizuri Luka. Habari ya kwanza ya Noeli ililetwa kwa wachungaji, watu wa kazi ya usiku, ambao kwetu wangekuwa wavuvi wa ndagala wanaokesha ziwani na taa zao. Walikwenda Bethlehemu, na Luka hasemi kwamba walibeba zawadi yoyote. Walichofanya ni kufika, kuona, na kuwasimulia wengine. Dhahabu ililetwa na watu wengine, tena hiyo ni habari ya Matayo. Naye Mtume Paulo, alipotaka kuwahimiza Wakorinto watoe, hakuwatajia kanisa tajiri. Aliwatajia makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa katika ufukara mkubwa na bado yakaomba yaruhusiwe kuchangia. Basi umaskini wetu hautufungulii mlango wa kutokea.

Na sisi wa pwani hii tuna ushahidi wa karibu kuliko Makedonia. Wamisionari, Mapadri Weupe, walipofika Mpala mwaka 1885, kusini ya hapa tulipo, biashara ya watumwa ilikuwa bado inaunguza nchi hii. Waliokusanyika kwao walikuwa hasa watoto waliokombolewa utumwani, wasiojua tena kwao ni wapi. Mpala ndiko alikosoma Stefano Kaoze, aliyepadrishwa mwaka 1917, padri wa kwanza Mkongomani. Ng'ambo ya ziwa, Karema, alikuwako Adriano Atiman. Alitekwa akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe hao hao, akasomeshwa udaktari kule Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kuuzwa alikuwa na sababu zote za kusema kwamba dunia ndiyo inayomdai yeye. Badala yake alikaa miaka 67 akiamshwa usiku kwa ajili ya homa za watoto wa wengine. Kanisa letu, kumbe, lilizaliwa na watu wasio na ukoo. Tukimpita leo mtu asiye na ndugu mjini, tunawapita wazee wetu wa imani.

Sasa nifike penye ugumu. Bwana alisema ukiandaa karamu usiwaite rafiki, jamaa na majirani matajiri, kwa kuwa nao watakualika, na mambo yataishia hapo. Waite wasio na cha kukurudishia. Kalemie hii, ni nani asiyealikwa na mtu? Ni Mtwa. Miaka mingi amelima mashamba ya wengine akalipwa mahindi kidogo, tumbaku, au chupa ya lutuku. Mwaka 2016 hata viwavi alivyookota porini vikataka kutozwa ushuru, na moto ukawaka. Damu ilimwagika pande zote mbili, na sitaki mtu afikiri nimesahau vijiji vya Baluba vilivyochomwa. Aliyefiwa ana haki ya kulia. Lakini wako waliobatizwa ambao mpaka leo hawakubali kula bukari sahani moja na Mtwa, hata yule ambaye hajamdhuru mtu, na asubuhi ya Noeli wanapokea Komunyo bila wasiwasi. Hapo mimi nasema imani imeishia mdomoni. Mabaraza ya amani yalifanyika, ahadi zikatolewa mbele ya wakubwa, na ni vizuri. Meza moja ya bukari, sombe na ndagala, Mluba na Mtwa wakinawa katika beseni moja mbele ya watoto wao, ingewafundisha watoto hao kitu ambacho hotuba haikuweza.

Wako wengine waliofichika zaidi. Gerezani mfungwa hutegemea chakula kinacholetwa na ndugu. Asiye na ndugu hutegemea huruma ya mwenziwe. Hospitalini huonekana mgonjwa aliyekwisha pona, lakini hatoki kwa sababu hajamaliza kulipa. Watu 20 wa jumuiya hai moja wakichanga kidogo kidogo, mtu huyo atakula Noeli nyumbani kwake. Nami naomba jambo moja: tukimaliza kulipa, tusimpige picha. Aliyetolewa katika deni asitiwe katika aibu.

Kazi hii haingoji tarehe 24 Desemba, siku ambayo pesa imeshakwisha na kila mtu anahangaikia kwake. Ianze Dominika ya kwanza ya Majilio, katika parokia na katika makanisa ya Kiprotestanti pia, kwa maana njaa haiulizi dhehebu. Kila jumuiya iandike majina: nani yuko gerezani bila ndugu, nani anazuiliwa kwa deni, ni familia gani ya Kalunga au Katanika itakayoketi kwenye meza ya nani. Yaandikwe na majina ya Batwa wa jirani, na padri au pasta awe wa kwanza kutaja atakayemkaribisha nyumbani kwake. Mama wa jumuiya wapewe kazi ya kwenda kuwaalika kwa mdomo, wiki mbili kabla, ili mgeni apate muda wa kufua nguo yake.