BIA YA KEGI NYUMBANI: STAA WETU WA MAREKANI, ACHA KUDANGANYA WABEBA BOKSI!

Leo sina umbea wa nani kamuacha nani. Leo nina neno na mtu mmoja. Jina nalihifadhi, ila mwenye macho haambiwi tazama.

Ni Mbongo mwenzetu, yupo Marekani, wafuasi kibao. Siku hizi kazi yake ni kutupostia kona yake ya bia anayopika mwenyewe nyumbani. Friji la kioo, mnara wa koki nne unaong'aa kama meno ya dhahabu, kegi mpya kabisa, taa za bluu. Sawa, hela zake. Shida ni alichomalizia: eti kama huna uwezo wa kufunga seti kama ile, bora ubaki na chupa zako tu.

Hapo ndo nakataa. Maana wanaomsikiliza ni vijana wanaobeba boksi usiku kucha, na wengine wanachanja kadi ya mkopo ili wafanane nae.

Tuwekane sawa kwanza. Kupika bia ya kunywa nyumbani Marekani sio uhalifu. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kupika mpaka galoni 200 kwa mwaka bila kodi, yani kama lita 757. Ukiwa peke yako ni galoni 100. Kunywa na washkaji ruksa, KUUZA hapana, na majimbo nayo yana masharti yake. Huku nyumbani sheria ni zingine, usije ukasema blogu ndo imekutuma. Na ndugu zangu Wakenya, hapa siongelei ile Keg yenu ya kikombe, tulieni hahaha.

Sasa kwa nini mtu atake kegi? Kwa sababu ya uvivu, na uvivu wenye akili. Kegi moja ya kawaida ya nyumbani inabeba lita 19. Ukitaka kuiweka bia hiyo kwenye chupa za mililita 355, unaosha chupa kama 53, unaua vijidudu chupa 53, unafunga vifuniko 53. Kegi unaosha moja, basi.

Na hii ndo siri ambayo staa wetu hawezi kukwambia: kegi hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya bia. Zilikuwa za soda! Pepsi na Coca-Cola walikuwa wanapelekea sharubati ya soda kwenye migahawa kwa kegi hizo za chuma. Baadae wakahamia mifuko ya plastiki ndani ya maboksi, kegi zikabaki zimerundikana, wapika bia wakazibeba. Kwa hiyo kununua ya mtumba sio ushamba, MCHEZO WENYEWE ULIANZIA KWENYE MTUMBA!

Ukipata ya mtumba, badilisha oringi zote, ile mipira midogo ya kuzibia. Haina bei, na ya zamani itakuletea harufu ya soda kwenye bia yako. Alafu angalia vichwa vyake: zilizokuwa za Pepsi na zilizokuwa za Coca-Cola zinafungwa tofauti, viungio haviingiliani. Chagua aina moja ubaki nayo.

Mnara wa koki nne? Achana nao. Ipo koki ndogo ya plastiki inayochomekwa kwenye mpira, unabonyeza kwa kidole bia inatoka, bei yake dola chache tu. Friji la kioo? Friji lolote kuukuu linalopoza na kegi inaingia, linatosha. Bia haijui kama imekaa kwenye kioo.

Ila sijamaliza, maana yupo na mwingine. Huyu ni kaka wa video fupi fupi, mzee wa "njia za mkato". Yeye kaenda upande wa pili kabisa: anawaambia watu watie bia na gesi kwenye dumu lolote la plastiki, na mtungi wa gesi waokote popote, regyuleta ni "mbwembwe za Wazungu". Watu wanacheka, wanashare.

Kaka, utaua mtu.

Mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi ukiwa kwenye joto la kawaida la chumba una presha ya zaidi ya psi 800. Bia inahitaji kama psi 12 tu ikiwa na baridi ya nyuzi 4 hivi. Iache hivyo wiki moja mpaka mbili, imeiva. Kinachosimama kati ya 800 na 12 ni regyuleta. Ukiitoa, umebaki na bomu jikoni. Na plastiki sio utani: mwaka 2012, jimbo la New Hampshire, mfanyakazi wa kiwanda cha bia alifariki baada ya kegi ya plastiki kupasuka wakati wa kuisafisha. Huyo alikuwa kazini kiwandani, sembuse wewe na dumu la mafuta ya kula!

Kwa hiyo hela yako ndogo iende hapa: regyuleta nzima, na mtungi ambao tarehe yake ya kupimwa haijapita. Marekani hupimwa kila miaka mitano, na ukipitwa wajazaji wa gesi watakukatalia. Pakaa maji ya sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu ujue inavuja. Usiweke gesi chumba kisicho na hewa. Na kabla ya kufungua kegi, toa presha yote kwanza.

Najua mtasema nina wivu. Wivu wa taa za bluu? Bibi zetu Wachagga wanapika mbege ya ndizi na ulezi bila taa wala mnara, na watu wanagombania kibuyu. Utamu upo kwenye usafi na subira, sio kwenye chrome.

Mmoja anawatia watu madeni, mwingine anawatia hatarini, na wote wanavuna likes. Mimi msimamo wangu ni huu: BANA HELA KWENYE MBWEMBWE, USIBANE KWENYE PRESHA.

Wadau wa Houston, Minneapolis na kwingineko mnaopika, shusheni komenti hapo chini: mlianza na nini? Na wewe staa wetu, najua unasoma. Siku moja tupostie kegi ya mtumba, tuone kama likes zitapungua.