Tairi bovu ni la mwenye gari, hatari ni ya muhami

Bunia, Ituri. Pikapu ikipasuka tairi ndani ya mji wa Bunia, hasara ni ya saa moja tu. Fundi anaitwa, abiria wanashuka, watoto wananunuliwa mandazi, kisha safari inaendelea. Pikapu hiyo hiyo ikipasuka tairi kati ya Komanda na Luna, jua likianza kushuka, hayo ni mambo mengine kabisa. Kwenye barabara hiyo namba 4 ya kitaifa wasafiri wameuawa na magari yao kuchomwa moto. Ndiyo sababu, tangu 2021, mara nyingi magari yamepita huko kwa msafara wenye askari. Na msafara haumngojei mtu anayezunguka kuazima jeki.

Wanaobaki pale kando ya barabara wanajulikana. Ni mama mwenye godoro, masufuria na watoto watatu, ambaye ameacha kambi ya wahami ili akaangalie kama shamba lake bado lipo. Ni mzee anayekimbia kwa mara ya tatu. Hao hawakuchagua tairi. Hata shofere hakulichagua. Aliyelichagua yuko mjini, anangojea pesa yake ya jioni.

Wenye magari wana jibu moja wanalolirudia kila siku: pesa hakuna. Na kweli, barabara ni mbovu, mafuta ni ghali, na kwenye vizuizi hakuna anayepita bila kutoa chochote. Hilo hakuna wa kulikana. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini pesa ile ndogo iliyopo inatumiwa vibaya. Tuseme tairi jipya ni dola 120 na la mtumba ni dola 50. Mwenye gari anaona ameokoa dola 70. Kama lile jipya linavumilia miezi 18 na la mtumba miezi 5, katika muda ule ule atakuwa amenunua manne ya mtumba, yaani dola 200, bila kuhesabu siku ambazo gari lililala njiani. Kila mmoja afanye hesabu hiyo kwa bei ya soko lake. Rahisi ya dukani si rahisi ya barabarani.

Kosa kubwa zaidi ni la uzito. Pine nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zimetoka kwenye gari dogo la mjini, zikafungwa kwenye pikapu kwa sababu tu zinaingia kwenye rimu. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya namba za ukubwa, kuna namba ya mzigo. Namba 91 maana yake tairi hilo linabeba kilo 615, basi. Namba 109 ni kilo 1,030. Tairi la gari la kazi huwa na herufi C baada ya namba za ukubwa, au LT. Sasa tazama pikapu inayotoka parkingi: watu ishirini wa kilo 60 ni kilo 1,200, kabla ya magunia ya mihogo, na mzigo huo karibu wote unakaa juu ya magurudumu mawili ya nyuma, pamoja na sehemu ya uzito wa gari lenyewe. Tairi mbili za namba 91 zinabeba jumla ya kilo 1,230. Linalofuata halihitaji mganga wa kulitabiri.

Kuna jambo la umri pia. Tairi huzeeka hata likikaa ghalani bila kutembea. Kwenye ubavu huo huo, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la 2019. Tairi la zaidi ya miaka kumi halifai kubeba watu, hata kama meno yake ni marefu na muuzaji amelipaka rangi nyeusi linang'aa kama kiatu cha arusi. Lenye mipasuko midogo midogo ubavuni liachwe hapo hapo. Na lenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake lilitengenezwa kwa barabara za baridi. Mara nyingi mpira wake ni laini, na kwenye jua na mawe ya Ituri unaisha upesi. Theluji ya Bunia haijaonekana bado.

Halafu kuna ujanja wa mitaani. Tairi lililokwisha linachongwa meno mapya kwa chuma cha moto. Lililokatika ubavu linawekewa ndani kipande cha tairi kuukuu, kisha mpira wa ndani, kisha linapigwa upepo na kuuzwa. Anayenunua na alitazame kwa ndani, si kwa nje tu. Muuzaji akikataa lisifunguliwe, jibu limekwisha patikana.

Kwa upande wa rimu, tamaa ya macho inawaponza wengi. Rimu pana za alumini zenye tairi jembamba ubavuni zinapendeza siku ya Jumapili. Kwenye mashimo, rimu ya chuma ikipindika fundi anaweza kuinyoosha, lakini ya alumini hupasuka. Kwa pikapu ya kazi, rimu ya chuma ya inchi 15 au 16, ile iliyotoka na gari kiwandani, ndiyo nafuu ya kweli. Anayenunua iliyotumika ahesabu matundu: Hilux ya kuvuta magurudumu manne ina nati 6, Land Cruiser ya mfululizo wa 79 ina 5. Aangalie na nati zenyewe. Nati ya rimu ya chuma imechongoka kama koni, lakini rimu nyingi za alumini za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Kuzichanganya ni kujitafutia gurudumu litakalochomoka lenyewe. Rimu iliyopasuka ikachomelewa ni chuma cha kuuza kwa kilo.

Mwenye pesa ya tairi mbili tu, anunue mbili zinazofanana na azifunge nyuma, ambako mzigo unakaa. Moja jipya na moja kuukuu kwenye ekseli moja ni hasara kwa yote mawili. Upepo upimwe kwa kipimo, asubuhi kabla gari halijatembea. Kupiga tairi teke si kupima. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hupata moto mpaka linapasuka, na shofere anaapa kwamba ni msumari.

Karatasi ya ukaguzi wa gari ipo kwenye kioo cha mbele, imegongwa muhuri. Ni nani aliinama kutazama magurudumu kabla ya kuigonga? Polisi wa barabarani wanaiomba karatasi, wanaisoma, wanatoa mkono. Na wasimamizi wa parkingi, ambao wanakusanya franga za kila gari linalotoka, hawana hata kipimo cha upepo kimoja. Kipimo hicho ni kitu cha dola chache. Kabla abiria hawajapanda, mtu mmoja azunguke gari, asome namba nne za mwaka na namba ya mzigo, aangalie tairi la akiba. Ni kazi ya dakika kumi. Pikapu isiyofaa irudi garaji tupu.

Abiria nao wana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Mama akiuliza, hujibiwa: "Mama, panda tu, tutafika." Basi aombe kuona tairi la akiba. Mara nyingi litakuwa lile lililopasuka safari iliyopita, bado lina tundu.