Sura ameihifadhi, mstari wa kitabu unamshinda

Wapo watoto hapa Kibosho ambao ustadhi huwasifu na mwalimu wa darasa huwalaumu. Jioni mtoto husoma sura ndefu kwa moyo bila kukosea. Asubuhi, akiwa darasa la tatu, hukwama kwenye mstari wa kwanza wa kitabu, huchanganya b na d, kisha hubuni neno kwa kutazama picha. Mzazi husema ni uvivu, kwani akili ya mwanawe ameishaiona.

Hukumu hiyo si ya haki. Kuhifadhi kwa kusikiliza ni kazi ya sikio, bali kusoma ni kuiunganisha sauti na herufi, na wapo wenye akili timamu ambao muungano huo kwao ni mzito. Wataalamu huuita uzito huo disileksia. Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa hesabu, aliyeshindwa kusoma maneno mafupi. Mwalimu wake alikiri kuwa lau masomo yangekuwa ya mdomo pekee, angewapita wenzake.

Kwetu tatizo hujificha, maana Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo. Mtoto hujikongoja silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umemtoka. Kidato cha kwanza, masomo yageukapo Kiingereza, ndipo hufichuka, naye ameshajiona mjinga miaka saba.

Tusichanganye hili na lugha ya nyumbani. Aliyelelewa na bibi kihambani kwa Kikibosho huweza kuchelewa Kiswahili, kisha akazoea. Huyu wa pili msimulie hadithi, ataielewa yote. Mwandikie hiyo hiyo, atakwama. Hata madrasa, ukimtoa kwenye kuhifadhi, nukta za ba, ta na tha humsumbua.

Kwanza apimwe macho na masikio. Moshi tunayo hospitali ya KCMC. Kisha mzazi amwulize mwalimu mkuu kuhusu mwalimu wa elimu maalumu. Chuo cha Patandi, Arusha, huwaandaa. Kiboko (nacho bado kipo, shule na madrasa) hakijapata kumfundisha mtu tofauti ya b na d. Siku ya kwenda shule mzazi achukue madaftari yote mawili, la shule na la madrasa, na ikiwezekana afuatane na ustadhi.