BOSI, KURA YANGU HAIMO KWENYE MSHAHARA!

Ndugu msomaji, wewe unayegombania daladala ya alfajiri kwenda kiwandani Ubungo, bandarini Kurasini au dukani Kariakoo, hebu tuulizane swali moja bila kuoneana haya. Ukifika getini ukasaini kitabu cha mahudhurio, unakuwa umeuza nini?

Umeuza saa zako na jasho lako. Basi. Kichwa hukukiuza. Kura hukuiuza. Mdomo wako nao hukuuza, hata kama bosi anadhani aliununua kwa bei ya jumla pamoja na vingine.

Tunasema hivi kwa sababu kuna ugonjwa wa zamani unaovaa nguo mpya kila msimu wa uchaguzi. Unaujua. Msimamizi anapita na mfuko wa fulana na kofia za rangi moja. Nje lori linanguruma. Mashine zinazimwa saa nane mchana, eti leo tunakwenda kumpokea mgeni. Hakuna aliyetamka kwamba ni lazima. Lakini anayebaki anaandikwa jina. Na wewe kibarua wa kutwa, ambaye hujui kama kesho utaitwa, utakataa kwa ubavu gani?

Halafu bosi huyohuyo, siku ukiuliza kwa nini posho ya usiku imekatwa, anakukodolea macho: "Hapa ni kazini, siasa peleka kwenu!" Ala! Kumbe siasa ikiwa yake inaitwa uzalendo, ikiwa yako inaitwa uchochezi.

Msimamo wetu ni huu, na tunausema waziwazi. Kampuni haina kadi ya mpiga kura. Mfanyakazi anayo. Kwa hiyo anayepaswa kunyamaza kwenye siasa za vyama mahali pa kazi ni kampuni, si mfanyakazi.

MKOLONI ALIANZA

Usidhani maneno ya "siasa peleka kwenu" yamebuniwa na meneja wako. Yana umri kuliko baba yako.

Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Walitaka nini? Mshahara wa kulisha familia. Mgomo ule ulipanda reli, ukaingia bara, mji baada ya mji. Mkoloni akashtuka kugundua kwamba kumbe mtu anayebeba magunia naye anafikiri.

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ikatoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Karani, tarishi na mwalimu wa serikali wote wakaambiwa wachague kati ya mkate na mdomo.

Na Machi 1955, mwalimu mmoja wa shule ya misheni ya Pugu alibanwa achague: chaki au TANU. Akaweka chaki chini. Jina lake Julius Kambarage Nyerere. Leo picha yake inaning'inia katika ofisi za mabosi walewale wanaomwambia kijana asilete siasa kazini. Wanapokaa chini ya picha ile, hawaoni aibu?

TUKABADILI BOSI, KUFULI LIKABAKI

Ungetegemea kwamba uhuru ungevunja kufuli lile. Haukulivunja. Uligeuza ufunguo tu.

Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa. Mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kwa amri ya sheria, mtoto wa TANU. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Tena Katibu Mkuu wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa hapohapo Waziri wa Kazi! Mfanyakazi akidai, anamdai nani? Anamdai waziri kwa kupitia waziri. Kesi ya nyani kapewa ngedere.

Mwaka 1978 NUTA ikageuka JUWATA, jumuiya ya CCM. Tawi la chama likawa ndani ya kiwanda, ndani ya benki, ndani ya ofisi. Mkoloni alisema kazini hakuna siasa. Chama kimoja kikasema kazini siasa ipo, lakini ni yetu tu. Kwa mtu wa mashine hizo si habari mbili, ni habari moja: anayeshika unga wako ndiye anayeshika ulimi wako.

Na waliodhani siasa ile ni yao walijifunza haraka. TANU ilipotoa Mwongozo wa 1971, ukikemea viongozi wenye kiburi na dharau, wafanyakazi waliusoma neno kwa neno, wakaamini. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapahapa Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe. Wengine waliojaribu kufuata njia hiyo wakakutana na polisi. Kumbe Mwongozo ulikuwa wa kusomewa, si wa kusoma.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi Julai 1992, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka uleule ikakataza vyama kuweka matawi mahali pa kazi na mashuleni. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini tawi liliondoka kwa mlango wa mbele, fulana zikarudi kwa mlango wa nyuma. Safari hii hazibebwi na katibu wa tawi. Zinabebwa na mwenye kampuni, kwa sababu anatafuta zabuni, kiwanja, msamaha wa ushuru au usingizi mnono. Yeye anafanya biashara yake na wakubwa. Na wewe ndiye bidhaa iliyopakiwa kwenye lori.

WAULIZE WA POLAROID

Wapo watakaosema: basi dawa ni kupiga marufuku siasa zote, bosi anyamaze na mfanyakazi anyamaze, kazi iende. Maneno matamu. Lakini ni danganya toto, na tutakuonyesha kwa kisa cha kweli.

Mwaka 1970, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, wafanyakazi wawili Weusi wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo. Mitambo ya kampuni yao ya kupiga picha za papo kwa papo ilikuwa inatumika Afrika Kusini kutengeneza pasi, kile kitambulisho ambacho makaburu walimlazimisha Mwafrika kutembea nacho katika nchi yake mwenyewe. Asiyekuwa nacho alilala rumande.

Wakasimama, wakasema kampuni iache. Kampuni ilijiona haina siasa. Inauza kamera na filamu, basi. Lakini kamera ile ilikuwa imeshaingia kwenye siasa mpaka kiunoni! Hunter alifukuzwa kazi mwaka 1971. Kelele hazikuzimika. Mwaka 1977 ikafichuka kwamba wakala wa kampuni huko Afrika Kusini bado alikuwa anaiuzia serikali ya makaburu kwa siri, na Polaroid ikafungasha virago.

Sasa niambie, kijana. Kama wale wawili wangetii agizo la "siasa peleka nyumbani", nani angejua? Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa imejaa wapigania uhuru wa ANC na PAC, nasi tulikuwa tunaimba ukombozi. Huko mbali, mtu wa kawaida aliyekuwa anakula mshahara wa kampuni alifanya kazi ya ukombozi kwa kuuliza swali moja tu: hiki tunachotengeneza kinakwenda kufanya nini?

Hii ndiyo tofauti tunayotaka uishike. Kuuliza kampuni inatengeneza nini, inamuuzia nani, inalipa vipi, inamtendeaje binadamu, ni haki ya kila anayetoka jasho pale. Kuagizwa uvae kofia ya mgombea wa bosi ni utumwa. Usikubali wakuchanganyie mambo haya mawili kwenye sufuria moja.

MTINDO MPYA WA WAKUBWA

Siku hizi mafundisho haya ya kunyamaza yanarudi yakiwa yamevaa suti. Mwaka 2020 bosi wa Coinbase, kampuni ya Marekani ya fedha za kidijitali, alitangaza kwamba kampuni yake haitajishughulisha na siasa zisizohusu kazi yake, na asiyependa achukue kiinua mgongo aondoke. Wafanyakazi wapatao 60 wakaondoka. Tukiri kwamba nusu ya neno lake ni sawa: kampuni isijitie kwenye siasa za vyama. Lakini angalia nusu ya pili inavyofanya kazi.

Mwaka 2021 kampuni nyingine ya hukohuko, Basecamp, ilikataza mazungumzo ya siasa na jamii kwenye mitambo ya ofisi. Chanzo kilikuwa nini? Kwa miaka mingi kulikuwa na orodha ya majina ya wateja ambayo watu wa ofisini waliyaona ya kuchekesha, na baadhi yalikuwa majina ya Kiasia na ya Kiafrika. Wafanyakazi wakasema hili si jema, tulizungumze. Jibu likawa marufuku! Karibu theluthi moja ya wafanyakazi wakaacha kazi.

Umeona mchezo? Jina la babu yako likichekwa, ni utani. Ukiuliza kwa nini linachekwa, ni siasa.

"KAMPUNI NI YANGU"

Bosi atajibu: kampuni ni mali yangu, nami ni raia, nina haki ya kusema. Kweli kabisa, bwana mkubwa. Jumapili panda jukwaani, vaa kijani, vaa rangi uitakayo, hubiri mpaka sauti ikauke. Siku ya kura panga foleni nyuma yetu, una kura moja. Unachokosea ni kutaka kupiga kura mia tatu kwa sababu una wafanyakazi mia tatu.

Atasema pia kwamba watu wakiruhusiwa kuzungumza siasa watapigana, kazi italala. Acha utani! Karakana zetu zimejaa Simba na Yanga. Jumatatu baada ya mechi watu wanataniana mpaka machozi, kisha wanashika spana pamoja. Hajafukuzwa mtu kwa kuwa Yanga. Kinacholeta ugomvi si mazungumzo. Ni pale msimamizi anapopewa daftari la kuandika nani ni Simba na nani ni Yanga.

Na tusionekane wanafiki. Gazeti hili ni la chama cha upinzani, hatufichi. Lakini siku upinzani ukishika dola, na mwenye kiwanda akaanza kuwapakia watu kwenye lori kuja kwetu, maneno haya yatuhukumu na sisi. Kofia ya kulazimishwa haigeuki tamu kwa kubadilishwa rangi.

SASA UFANYE NINI?

Kwanza, ijue sheria yako. Katiba, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa maoni yake ya kisiasa. Imeandikwa, haikuletwa na upepo.

Pili, ukifukuzwa kwa sababu ya kofia uliyoikataa, usikae kijiweni ukilia. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Malalamiko ya kuachishwa kazi yana siku 30 tu. Andika tarehe, andika nani alisema nini, tunza ujumbe wa simu. Bosi anategemea usahaulifu wako.

Tatu, namba ya kadi yako ya mpiga kura si namba ya mahudhurio. Msimamizi akija na orodha ya kujaza, mwambie kura ni siri. Asipokuelewa, mwambie tena.

Nne, na hili ndilo kubwa, usikatae peke yako. Mmoja akikataa ni mkorofi, arobaini wakikataa ni wafanyakazi. Umoja huo unaitwa chama cha wafanyakazi, na ndio maana wakubwa, tangu mkoloni mpaka leo, hawalali vizuri wakiusikia.

Lori litakuja tena, kijana. Litapiga honi getini. Wewe endelea kukaza nati, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Saa ya kutoka ikifika, nenda kwenye mkutano unaoutaka wewe, kwa nauli yako.